Nyumba chakavu ya bei nafuu: Anza na hati, fundi baadaye

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa Jiji la Dar es Salaam wanaotafuta makazi yao wenyewe hujikuta mbele ya njia mbili. Ya kwanza ni kununua kiwanja pembezoni mwa jiji, huko Chanika, Chamazi au Kibamba, na kujenga taratibu kwa miaka kadhaa kadiri fedha inavyopatikana. Ya pili ni kununua nyumba kongwe karibu na katikati ya mji, iwe Temeke, Ilala, Magomeni au Manzese, ambayo mwenyewe anaiuza kwa bei inayoonekana kuwa ya kutupa, kisha kuikarabati.

Njia hii ya pili ina mvuto wake. Nyumba ipo karibu na kazi, shule na soko. Maji na umeme vimeshafika. Mnunuzi anaweza kuhamia katika chumba kimoja huku vingine vikitengenezwa, na mzigo wa kodi ya pango ukamwondokea tangu mwezi wa kwanza.

Hata hivyo, bei ya nyumba haishuki bila sababu. Mara nyingine sababu ni uchakavu, na uchakavu hutibika kwa fedha na fundi mzuri. Mara nyingine sababu imo katika nyaraka za umiliki au katika ardhi ambayo nyumba imesimama juu yake, na hapo hakuna saruji itakayosaidia. Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kumleta fundi kukagua paa na kuta siku ya kwanza, ilhali ofisi ya ardhi na mahakama hazijaulizwa chochote.

Nyumba ya marehemu

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande wa ukumbi mrefu, baraza mbele, na uani kuna jiko, bafu na choo cha shimo. Mzee aliyeijenga amefariki. Mjane wake bado anaishi katika chumba cha mbele, watoto wametawanyika, na vyumba vinne vina wapangaji. Mtoto mkubwa ndiye anayeuza, dalali ndiye anayemleta mteja, na bei inayotajwa ni ndogo kuliko ya nyumba ya jirani iliyo sawa nayo kwa ukubwa. Mnunuzi anaoneshwa muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za ndugu kadhaa na muhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa. Wengi huridhika hapo na kulipa.

Muhtasari huo hauuzi nyumba. Kikao cha ukoo humpendekeza mtu wa kusimamia mali ya marehemu. Anayemteua ni mahakama. Kwa familia nyingi shauri la mirathi hufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, na mengine hupelekwa Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu kutegemea ukubwa wa mali na sheria inayotumika katika mirathi hiyo. Mpaka mahakama itoe barua ya uteuzi, mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza hata mlango mmoja wa nyumba hiyo, ingawa ndugu zake wote wamemkubali kwa mdomo. Hata palipo na wosia, aliyetajwa ndani yake bado anapaswa kwenda mahakamani kuthibitishwa.

Mnunuzi makini huomba barua ya uteuzi, hunakili namba ya shauri, kisha huenda mwenyewe au humtuma wakili katika mahakama iliyotajwa kuulizia jalada. Anachotafuta huko ni mambo machache tu. Je, barua ni ya kweli? Je, nyumba hiyo imeorodheshwa miongoni mwa mali za marehemu? Kuna mrithi aliyeweka pingamizi? Je, shauri bado liko wazi, au msimamizi alikwishatoa hesabu zake na jalada likafungwa? Safari moja ya mahakamani huchukua asubuhi moja na nauli ya daladala. Ni ajabu kuona mtu anayebishana na muuza mchicha juu ya shilingi mia akiiona safari hiyo kuwa usumbufu.

Baada ya hapo ni vyema kukaa na warithi ana kwa ana, hususan mjane na watoto wa kike, ambao mara kadhaa majina yao huandikwa katika muhtasari bila wao kuwapo kikaoni. Iwapo mjane anasema hajui atakwenda kuishi wapi nyumba ikiuzwa, mnunuzi ameshapata jibu la kwa nini bei ni ndogo.

Hatari ya ununuzi wa namna hii haiishi mwaka wa kwanza. Muda wa ukomo wa dai la kurejeshewa ardhi nchini Tanzania ni miaka 12. Mrithi aliyekuwa masomoni au nje ya nchi anaweza kuibuka wakati paa jipya limeshaezekwa na vigae vimeshatandikwa sakafuni, akafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hukumu ikimwendea vibaya mnunuzi, kinachobaki ni kumdai fedha zake yule aliyemuuzia, ambaye huenda alikwishazitumia siku nyingi. Gharama za ukarabati nazo huwa ngumu zaidi kuzirejesha kuliko bei yenyewe.

Muuzaji akiwa hai, lipo jambo jingine. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuiuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi na itolewe mbele ya wakili. Neno la muuzaji kwamba mkewe yuko kijijini na hana neno halitoshi.

Kuhusu wapangaji, mnunuzi aulize kila mmoja amelipa kodi hadi mwezi gani. Katika jiji ambalo wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, mnunuzi anaweza kukabidhiwa nyumba ambayo kodi yake imeshaliwa na mwingine, na watu ndani wenye haki ya kukaa.

Kinachouzwa hasa ni nini

Ardhi yote Tanzania ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini. Anachouza mwenye nyumba ni haki ya kuitumia ardhi hiyo kwa muda uliowekwa, pamoja na maendelezo yaliyofanywa juu yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, haki hiyo ikithibitishwa kwa hati miliki inaweza kufikia miaka 99. Hivyo nyumba kongwe inaweza kuwa na hati iliyobakiza miaka michache, na tarehe hiyo isomwe kabla ya kujadili bei.

Mtaa ulikoanzia hueleza mengi. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipangwa na kupimwa katika mradi wa viwanja uliofadhiliwa na Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, hivyo nyumba nyingi za huko zina viwanja vyenye namba na mipaka. Manzese iliingizwa katika mradi huohuo kama eneo la kuboreshwa. Barabara na maji vilipelekwa kwa watu waliokwisha kujenga. Katika maeneo mengi ya aina hii mwenye nyumba anaweza kuwa na leseni ya makazi, ambayo serikali ilianza kuitoa kwa wingi jijini katikati ya miaka ya 2000. Leseni ni hati halali, lakini ni ya muda mfupi na huhitaji kuhuishwa. Isinunuliwe kwa bei ya hati miliki.

Palipo na hati miliki, mnunuzi afanye upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu ya upekuzi huonesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililowekwa na mtu anayedai kuwa na maslahi. Nakala nzuri ya hati mkononi mwa muuzaji haitoi taarifa hizo. Pasipo na hati, ushahidi hujengwa kwa leseni, mikataba ya mauziano ya awali, risiti za kodi na maelezo ya majirani wanaopakana na nyumba. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ni shahidi mzuri wa nani anaishi wapi, lakini muhuri wake hauhamishi umiliki.

Kodi nazo zina siri zake. Uhamisho wa nyumba iliyosajiliwa hauwezi kukamilika bila muuzaji kupata uthibitisho wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kuwa kodi ya ongezeko la mtaji imelipwa, na mkataba nao hutozwa ushuru wa stempu wa takriban asilimia 1. Mkataba useme wazi nani analipa nini. Kodi ya pango la ardhi huweza kuwa na malimbikizo ya miaka mingi. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, hukatwa mtu anaponunua umeme kupitia LUKU, kwa hiyo nyumba iliyokaa muda mrefu bila kununua umeme inaweza kuwa imejirundikia deni litakalomkuta mmiliki mpya siku anapoweka tokeni ya kwanza.

Ardhi isiyokarabatika

Mwishoni mwa Desemba 2011, mvua kubwa ziliikumba Dar es Salaam na watu zaidi ya 40 wakafariki dunia. Waathirika wengi waliokuwa wakiishi katika Bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 nyumba nyingi zilizokuwa zimebaki au kujengwa upya bondeni humo zilibomolewa. Katika miaka hiyo yote, nyumba za bondeni hazikuacha kuuzwa, na bei yake ilikuwa nafuu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au ufukwe wa bahari. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Katika Barabara ya Morogoro, kipande cha kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, serikali ilisimamia hifadhi pana zaidi ya hiyo, na mwaka 2017 mamia ya nyumba yakabomolewa. Miongoni mwao zilikuwamo nyumba imara ambazo fundi yeyote angezisifu.

Kwa hiyo kabla ya kupenda nyumba, mnunuzi apime kwa futikamba umbali wa kwenda barabarani na mtoni, kisha aende kwa ofisa mipango miji wa manispaa kuuliza eneo hilo limepangiwa matumizi gani. Alama ya X ya rangi nyekundu ukutani huonekana kwa kila mtu. Iliyopakwa chokaa juu yake ndiyo ya kuitafuta.

Pia inafaa kuitembelea nyumba wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, tena saa moja baada ya mvua kunyesha. Anayelazimika kununua Agosti aangalie kuta za majirani. Mstari wa tope uliokauka usawa wa goti ni ushahidi usiohitaji shahidi.

Ukuta unasema nini

Hapa sasa fundi aitwe. Jambo la kwanza analopaswa kujibu ni kama ukuta ni wa tofali au ni wa miti na udongo uliopigwa lipu ya saruji. Nyumba nyingi za Kiswahili za zamani zilianza kwa miti, udongo na mawe, zikaboreshwa kwa lipu baadaye, na kwa nje hazitofautiani na za tofali. Pakukagulia ni pale mita ya umeme ilipochimbiwa, kwenye tundu la bomba, au juu ya dari ambako lipu haikufika. Saruji haishikani vyema na udongo. Hufungia unyevu ndani, na miti huliwa na mchwa bila dalili yoyote nje. Anayekuta hali hiyo ajue kuwa ananunua kiwanja chenye gharama ya kubomoa, na bei ijadiliwe hivyo. Aidha, akibomoa na kujenga upya atahitaji kibali cha ujenzi kwa masharti ya sasa, yakiwamo ya kuacha nafasi kati ya ukuta na mpaka. Kwenye kiwanja kidogo, nyumba mpya inaweza kutoka ndogo kuliko ile ya zamani.

Nyufa hazilingani. Ufa mwembamba kama unywele unaozunguka-zunguka kwenye lipu ni wa lipu yenyewe. Ufa unaoanza kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari hadi chini, mpana wa kupitisha sarafu, unasema msingi umetitia. Milango inayokwama juu husema hivyohivyo. Katika maeneo yenye udongo wa mfinyanzi mweusi, ardhi huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi, na ufa hufunguka na kufunga kila mwaka. Ipo njia ya kale ya kujua kama ufa bado unatembea: bandika kipande chembamba cha kioo juu yake kwa saruji, andika tarehe, na urudi baada ya miezi michache. Kioo kikikatika, usipige lipu; shughulikia msingi.

Ugonjwa wa pwani ni chumvi. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta ambao haukuwekewa tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, yakakauka na kuacha unga mweupe unaobandua rangi na kulegeza lipu hadi usawa wa kiuno. Kupaka rangi juu yake ni kupoteza fedha, kwani itabanduka masika yajayo. Lipu iliyooza inapaswa kubanduliwa hadi juu ya mstari wa unyevu, ukuta uachwe ukauke, na chanzo cha maji kiondolewe, ambacho mara nyingi ni uwanja wa nje ulioinuliwa kwa kifusi mwaka hadi mwaka mpaka ukaipita sakafu ya ndani. Nyumba iliyopakwa rangi mpya sehemu ya chini pekee wiki moja kabla ya kuuzwa inajieleza yenyewe.

Wanunuzi wengi hutaka kuvigeuza vyumba vya mbele kuwa fremu za maduka. Ni biashara nzuri, lakini ukuta wa mbele ukitobolewa kwa upana wa mlango wa duka bila lenta ya zege yenye nondo, uzito wa paa hukosa pa kutua. Wapo pia wanaotaka kupandisha ghorofa juu ya msingi uliokusudiwa nyumba ya chini. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Mabadiliko yoyote yanayogusa msingi, nguzo au ukuta unaobeba yanahitaji mhandisi na kibali cha halmashauri, japo fundi aseme amefanya mangapi bila wao.

Vilivyo uani na darini

Vyoo vya shimo hujaa. Kikijaa kimoja, hufukiwa na kingine huchimbwa kando yake, na katika ua wa nyumba yenye miaka 40 yanaweza kuwapo mashimo matatu au manne ambayo aliyekuwa anayajua ni marehemu peke yake. Baadhi ya vyumba vya uani vimejengwa juu yake. Mwulize mpangaji wa siku nyingi au mama wa nyumba ya jirani, kisha upigepige ardhi kwa nondo. Panapotoa sauti ya uwazi au kuzama, pasijengwe kitu mpaka pafukuliwe na kushindiliwa.

Juu darini, fundi achome kenchi kwa bisibisi. Mbao nzima hukataa. Iliyoliwa na mchwa humeza chuma. Mabati yenye kutu yasihukumiwe haraka, kwa kuwa bati la zamani la geji 28 lililopigwa kutu ya juujuu laweza kuwa nene kuliko geji 32 jipya la dukani. Milango ya mninga au mvule isiuzwe kwa fundi kama taka.

Paa likiwa la asbesto, habari ni nyingine. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi huleta maradhi ya mapafu na saratani yanayojitokeza miaka mingi baadaye. Likiwa zima ni heri lisiguswe. Likilazimika kuondolewa lisikatwe kwa msumeno wala kuvunjwa kwa nyundo, lilowanishwe maji, na taka zake zisifukiwe uani.

Ukarabati ukianza, utaratibu unaookoa fedha ni kuanzia juu. Paa na njia za maji ya mvua kwanza, kisha msingi na nyufa, kisha choo na mabomba, kisha nyaya za umeme kwa fundi mwenye leseni ya EWURA, na lipu, vigae na rangi mwisho kabisa. Wengi hufanya kinyume kwa sababu rangi inaonekana na wageni. Vifaa anunue mwenye nyumba, fundi alipwe ufundi kwa hatua, na zege lolote jipya limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua saba hata kama fundi ana haraka ya kwenda kazi nyingine. Kwa maoni ya mwandishi, asiyeweza kutenga robo ya bajeti kwa ajili ya yasiyotarajiwa asubiri kidogo, kwa kuwa katika nyumba kongwe hayo hupatikana nyuma ya kila lipu inayobanduliwa.